Ayoni Ng'ambo ya Ua

Mwanangu, hebu weka hicho kitabu cha kemia chini kwanza. Tangu uingie hapa unanung'unika kwamba yule rafiki yako aliyekusaidia kazi ya nyumbani amekupotosha, kwamba hajui chochote, kwamba kesho utamtaja mbele ya mwalimu. Hutamtaja. Keti hapo, chai iko kwenye thamosi. Iko Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na nikikuona umevimba mashavu hivyo naiona tena yote, na mawingu yake, na ua wetu wa minyaa, na mimi mwenyewe nimesimama pale na kalamu nikijiona mjanja kuliko watu wote wa Kathiani.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Mimi Ndunge nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa, naenda asubuhi na kurudi jioni. Nilikuwa na kichwa chepesi, sikatai, lakini mdomo ulikuwa mwepesi zaidi. Dada yangu mkubwa, Mwikali, ndiye aliyekuwa mtulivu. Mtu akimsema vibaya yeye huendelea kupepeta mahindi. Na huyo Mwikali alikuwa amechumbiwa na kijana mmoja wa ng'ambo ya bonde, jina lake Kioko.

Kioko alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, kemia na hesabu, lakini kazi hazikuwa zikitoka. Akawa yuko kwao anangoja kuitwa. Kila asubuhi anapiga pasi shati lake jeupe kama mtu anayeenda darasani, kisha anaenda kulima na baba yake. Mimi nilikuwa nikimcheka. Mwikali hakuwa akimcheka, maana alikuwa anampenda mpaka alikuwa anajua siku gani anavaa shati lipi.

Sasa baba yetu, Mzee Mutinda, hakuwa mtu mbaya, usinielewe vibaya. Ila alikuwa amewahi kudanganywa na jamaa fulani aliyejiita daktari wa mifugo, akamdunga ng'ombe wetu mzuri sindano, na ng'ombe akafa kabla jamaa hajavuka mto. Tangu siku hiyo baba hakuamini mtu anayesema amesomea kitu bila kuona kazi yake. Kioko alipotuma wazee kuuliza siku ya kuleta mbuzi wa ntheo, wale mbuzi ambao kwetu Wakamba bila wao msichana hajaolewa hata akikaa kwa mume mpaka azeeke, baba alicheka kwa pua.

"Mwalimu bila shule!" akasema. "Mimi nitajuaje kama ni mwalimu? Shati nyeupe hata mimi niko nayo."

Baba mdogo, ndugu yake, alikuwa papo hapo. Yeye alifanya kazi Athi River, kule EPZ kwenye viwanda vya nguo, na kila akija nyumbani wimbo wake ulikuwa mmoja, kwamba nafasi za kushona zipo, Mwikali asipoteze wakati na mtu wa kungoja barua. Baba akafikiri, akanitazama mimi.

"Haya," akasema. "Huyu Ndunge kemia imemshinda. Huyo kijana amfundishe. Nikiona kitabu kiko sawa, mbuzi waje. Nikiona kalamu nyekundu imejaa, mbuzi wabaki kwao na Mwikali aende Athi River na baba yake mdogo."

Kwa hivyo unaona, mwanangu, ndoa ya dada yangu iliwekwa ndani ya daftari langu la kemia. Mimi nilijua. Hakuna siku naweza kusema sikujua.

Lakini kufundishwa kwenyewe kulikuwa na kizuizi. Sisi tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima ya kuogopana. Mwanamume na mama ya msichana anayemchumbia hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawatajani majina. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Nyinyi siku hizi mnawakumbatia mama wakwe na kupiga nao picha, haya, endeleeni. Hata wakati ule wengi walikuwa washaanza kulegeza. Mama yangu hakulegeza. Kwake ile nthoni ilikuwa njia ya kumwambia yule kijana, wewe ni wetu tayari, nakuheshimu. Na kwa sababu mama alishinda jikoni, na jikoni ilikuwa katikati ya boma, Kioko hakuwa na pa kuingilia.

Basi akawa ananifundisha akiwa nje ya ua. Ua wetu ulikuwa wa minyaa, ile yenye utomvu mweupe ambao ukikuingia machoni unalia mpaka kesho, kwa hivyo huwezi kuuegemea wala kuchungulia. Ulikuwa mrefu kuliko mtu, umeshikana. Yeye anasimama upande wa njia, mimi upande wa boma na daftari kwenye goti. Anachora atomu kwa kijiti kwenye vumbi la upande wake, mimi nachora kwenye vumbi la upande wangu, na hakuna anayeona mchoro wa mwenziwe. Ilikuwa masomo ya sauti tupu. Watu wakipita na punda wa maji wanamsalimia: "Mwalimu, leo unafundisha minyaa?" Naye anacheka.

Na alikuwa anajua kufundisha, wacha nimpe haki yake. Alinichorea jedwali la elementi nyuma ya karatasi ya kalenda, akalipitisha kwenye pengo la chini wanapopita kuku. Alinifanya niimbe zile namba. Kaboni, mbili, nne. Oksijeni, mbili, sita. Sodiamu, mbili, nane, moja. Aliimba mpaka mama kule jikoni, bila kujua kemia ni nini, akawa anasonga ugali kwa Kikamba cha zile zile namba: ili, nyaanya, imwe. Mwikali ndani ya nyumba anacheka peke yake. Madam Syombua, mwalimu wetu wa kemia, akawa ananiwekea alama za vema, na baba kila jioni anashika daftari, anageuza kurasa kama anayekagua maharagwe, anasema, "Mm." Mpaka siku ya mbuzi ikapangwa. Wangekuja Jumamosi moja mchana, na kazi iliyobaki kabla yao ilikuwa moja tu.

Hiyo moja ndiyo iliyotumaliza.

Wiki ile nilikuwa nimelala na malaria. Nilipokuwa kitandani, Madam Syombua akafundisha ayoni. Nilirudi Ijumaa, miguu bado inatetemeka, nikamkuta anasoma maswali ya kazi ya nyumbani kwa mdomo, maana vitabu havikututosha. Andika mpangilio wa elektroni wa ayoni ya sodiamu, ya magnesiamu, ya klorini. Mimi sikuwahi kuliona hilo neno limeandikwa ubaoni. Nikaandika nilivyosikia.

Na nilisikiaje? Kwa Kiingereza, hicho kitu cha kemia, ion, na chuma, iron, chuma hiki cha jembe na pasi, hutofautiana kwa herufi moja tu katikati, R. Na sisi Wakamba R ndiyo herufi ambayo lugha yetu haina, tukikutana nayo ama tunaigeuza ama tunairuka. Mwikali akitaka pasi alikuwa anasema, "Nipe hiyo ayoni." Madam Syombua alisema ayoni. Kioko naye, Mkamba kama sisi, angesema nini? Mimi nikaandika chuma. Chuma cha sodiamu. Chuma cha magnesiamu. Chuma cha klorini.

Jumamosi ile kabla ya Jumamosi ya mbuzi, Kioko akaja uani kama kawaida. Mawingu yalikuwa yameshuka.

"Ndunge, Madam amewapea nini?"

"Ayoni, mwalimu. Ya sodiamu, magnesiamu na klorini."

"Hiyo ni rahisi. Sodiamu iko na elektroni ngapi?"

"Kumi na moja. Mbili, nane, moja."

"Sasa hiyo moja ya nje, sodiamu huwa inaitoa. Ikishaitoa, inaitwa ayoni. Imebaki na nini?"

"Mbili, nane."

"Mbili, nane! Magnesiamu yenyewe inatoa mbili, inabaki mbili, nane pia. Klorini haitoi, inapokea moja, inakuwa mbili, nane, nane. Na hiyo pia ni ayoni. Umeelewa?"

Sikuwa nimeelewa hata chembe. Sodiamu ikitoa, chuma. Magnesiamu ikitoa, chuma. Hata klorini, ambayo ni hewa, ikipokea, chuma. Nikasema moyoni, huyu leo jua limempiga, kila kitu kwake ni jembe. Lakini kwenye njia kulikuwa na wasichana wa shule yetu wanapita na mitungi, nikasikia sauti zao, nikaona haya kupaza sauti niulize neno ambalo kila mtu darasani tayari alilijua.

"Nimeelewa, mwalimu."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Wakati huo tone la kwanza la mvua likaanguka, na mama akatoka jikoni mbio kuanua nguo. Akavuta leso usoni. Kioko, aliposikia nyayo zake karibu na ua, akaanza kuondoka kabla hawajakaribiana. "Mbili, nane, usisahau!" akaniambia kwa sauti akiwa anashuka bondeni. Ningeweza kumwita. Mvua yenyewe haikuwa hata imeshika vizuri.

Nikaingia ndani na ile kalenda. Nikatafuta chuma, nikakipata, namba ishirini na sita. Nikajiambia, sasa naona kosa lake, amesahau kuhesabu chuma. Sodiamu kumi na moja na chuma ishirini na sita, hiyo ni thelathini na saba. Nikafuta mbili, nane yake niliyoiandika kwa penseli pale uani, nikaanza kupanga: mbili, nane, nane, nane, nane, tatu. Magnesiamu nikaiongeza vivyo hivyo. Klorini ndiyo ilinipa raha, maduara yalijaa mpaka yakatoka nje ya mstari. Nikaona nimemsaidia shemeji yangu. Nilijisikia mwerevu, mwanangu, Mungu anisamehe, niliona hata nimeokoa ile ndoa.

Jumatatu Madam Syombua alikuwa anasahihisha tukiwa darasani. Alipofika kwangu akasimama. Akainua daftari watu waone.

"Hii ni atomu ama ni kitunguu kimekatwa?"

Darasa likaangua kicheko. Masikio yangu yakawa moto.

"Na hiki chuma kimeingia hapa kufanya nini? Nani amekufundisha hii?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema, hizi hesabu ni zangu. Lakini ukichekwa unatafuta mtu wa kumpa kile kicheko akubebee. "Ni mwalimu Kioko," nikasema. "Anataka kumwoa dada yangu."

Wakacheka zaidi. Madam akasema, naye alikuwa anatania tu, "Basi huyo arudi chuo kwanza." Nikabeba hayo maneno mpaka nyumbani, bila kupumzika hata pale kwenye mteremko ambapo huwa tunapumzika.

Nyumbani nilimkuta baba na baba mdogo nje, wanapima pale turubai la wageni litakapofungwa. Mwikali alikuwa anafagia upande ule. Sikusalimia mtu. Nikaweka daftari kwenye mikono ya baba, limefunguka kwenye zile alama nyekundu.

"Huyo Kioko wenu hajui kemia," nikasema. "Madam amesema arudi chuo. Nimechekwa na darasa zima."

Baba aliangalia ule ukurasa kwa muda mrefu. Naona alikuwa anamwona yule ng'ombe wake. "Nilijua," akasema polepole. "Nilijua mimi. Shati nyeupe."

Mwikali aliacha kufagia. Nikamwona mama amesimama mlangoni mwa jikoni, amefungua mdomo kusema kitu. Lakini aliyekuwa akisemwa alikuwa mkwe, ambaye jina lake halitaji, na wanaume wawili walikuwa wamesimama pale. Akaufunga mdomo, akarudi ndani. Jioni ile ile baba mdogo akapanda baiskeli, akaenda kwa kina Kioko kuwaambia mbuzi wasije, na aliwaambia na sababu, kwamba kijana wao si mwalimu, ni mwongo. Lile la mwisho hakutumwa, aliongeza mwenyewe.

Asubuhi mama alinipata nikinawa uso kwenye karai. Akachuchumaa mbele yangu.

"Ndunge. Yule mtu wa ua alisema ili, nyaanya. Nilimsikia. Hata akishuka bondeni alisema tena. Hii mingine mingi uliyoandika kwa kitabu, umeitoa wapi?"

"Alisahau kuhesabu chuma, mwaitu." Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba chetu.

"Alikuambia uhesabu chuma?"

"Hapana."

"Ulimwuliza?"

Niliinamia karai. Maji yalikuwa yananidondoka kidevuni.

"Mtu anasimama kwa jua kwa ajili yako, na wewe unaona haya kumwambia hujasikia," mama akasema. "Lakini kumwambia baba yako kwamba huyo mtu ni bure, hiyo haya ilienda wapi?"

Hakunipiga. Ningependa angenipiga, maana mama alikuwa na mkono, na kiboko kingeisha siku ile ile. Nilienda shuleni na hayo maneno. Nikamfuata Madam Syombua nje ya ofisi, nikamwambia, nifundishe ayoni. Akachukua chaki, akaandika ubaoni lile neno. Herufi tatu. Nikalitazama. Chini yake akaandika chuma kwa Kiingereza. Herufi nne, na ile R katikati. Sikungoja aeleze zaidi. Nililia palepale, na Madam akanishika bega akidhani nalia kwa sababu ya alama.

Nilimwambia baba siku hiyo hiyo, mbele ya kila mtu, sikuficha kitu. Nilimwonyesha pale nilipofuta mbili, nane, maana kifutio changu kilikuwa kibovu na bado ungeweza kuiona chini. Baba akavaa koti lake la kanisani na kwenda mwenyewe kwa miguu ng'ambo ya bonde. Kwa mtu kama baba hilo halikuwa jambo dogo. Alirudi giza likiingia, hakutaka kula. Baba ya Kioko alikuwa amempokea vizuri, amempa kiti na chai, amekubali msamaha. Lakini wazee wa ukoo walikuwa washaketi. Mbuzi walikuwa wamefungwa kamba tayari na wakafunguliwa kwa sababu ya kuitwa waongo, na hao wazee walisema, kijana akiitwa mwongo na wakwe kabla ya mbuzi, baada ya mbuzi ataitwa nani? Walikuwa wameamua, na baba ya Kioko hakuwa na uwezo wa kuwapinga.

Mwikali alikuwa bado na tumaini. Alisema wazee hukasirika na kupoa. Ilipofika ile Jumamosi ambayo wageni wangekuja, aliamka mapema akafagia boma lote, bila mtu kumtuma, na kuvaa nguo yake ya buluu. Sisi tulimwacha.

Mchana nikasikia sauti uani. "Ndunge. Leta kitabu."

Nilikimbia. Hakuwa pale pa kawaida, alikuwa kwenye kilango cha ua, amesimama wazi. Nikampa daftari. Alisoma kile kitunguu changu chote, duara baada ya duara, na unajua alifanya nini? Alicheka. Si kicheko cha kunidharau, alicheka kama mtu anayeona mtoto amevaa viatu vya baba yake.

"Umeunganisha sodiamu na jembe," akasema. Kisha akaacha kucheka. "Ndunge, si ungeniuliza tu? Nilikuwa hapa. Hata mimi kwa huu ua nilikuwa sikusikii vizuri."

Nilitaka kusema pole, lakini akatoa kalamu yake, akaniandikia vizuri, ayoni ya sodiamu, mbili, nane, na alama ya kujumlisha juu, akanieleza kwa nini aliyetoa ndiye anawekewa alama ya kujumlisha. Alinieleza pole pole kama tuna mwaka mzima. Akaniambia amepata shule ya kufundisha kwa muda, mbali, upande wa Kitui, na anaondoka kesho.

Hapo ndipo mama alipotoka jikoni.

Nilidhani hajamwona, nikataka kumwonyesha kwa mkono arudi. Lakini mama alikuwa anakuja moja kwa moja, hajavuta leso, uso wazi. Kioko alipomwona akageuka haraka akaangalia chini, akarudi nyuma hatua, kama alivyofanya siku zote. Mama akapita kilango, akasimama mbele yake. Akamnyooshea mkono.

"Kioko," akasema. "Habari yako, mwanangu. Safari njema."

Mara ya kwanza kutaja jina lake. Kioko aliutazama ule mkono na kuuficha wake nyuma, kama mtoto aliyeambiwa arudishe kitu. Halafu akautoa. Wakasalimiana. Mama alimshika mkono kwa muda, kama anavyomshika kijana yeyote wa kijijini, mtoto wa jirani, mtu ambaye si mkwe wake.

Nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa dada yangu. Mwikali alikuwa amesimama mlangoni na ile nguo ya buluu. "Mwaitu amemsalimia," alikuwa anasema. "Mwaitu amemsalimia." Akakaa chini pale pale kizingitini. Ndio aliamini sasa kwamba imekwisha. Uamuzi wa wazee haukumwambia, baba hakumwambia, alichomwambia ni ule mkono.

Aliondoka na baba mdogo kwenda Athi River kabla muhula haujaisha. Angeweza kumfuata Kioko bila mbuzi, wengi walifanya hivyo, lakini Kioko alisema hawezi kumwingiza kwao awe mtu wa kutazamwa kando, na Mwikali hakuwa mtu wa kusukuma mlango. Alishona miaka mingi. Aliolewa baadaye na mtu mzuri, siwezi kusema vingine, na wana watoto, na hajawahi kuniambia neno moja baya. Hata moja. Ningependa aniambie.

Juzi tu nilikuwa kwake. Alikuwa anapiga pasi sare za shule, na kitinda mimba wake ameketi mezani na kemia yake, anauliza hewani kama mnavyouliza siku hizi, "Nani anajua ayoni ya sodiamu?" Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, Mwikali, bila kuinua macho kwenye ile kola, akasema, "Mbili, nane." Akaendelea kupiga pasi. Mtoto akaandika, akashangaa mama yake amejulia wapi. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia mvua, na hakukuwa na mvua.

Sasa nikuambie lile ninalotaka ubebe. Mtu akikusaidia, na neno likakupita, sema limekupita. Paza sauti hata kama njia imejaa watu wa kukucheka, maana kicheko chao kinaisha jioni. Usiseme umeelewa ili upendeze. Usirekebishe kazi ya mtu kwa siri halafu makosa yakitokea ukampa yeye. Na ukiona amekosea, rudi kwake kwanza umwulize, "Ulisema nini pale?" Muulize yeye kabla hujamuuliza baba yako, kabla ya darasa, kabla ya mwalimu. Labda ni yeye aliyekosea kweli. Sasa utakuwa umejua. Lakini labda kulikuwa na minyaa kati yenu na nyote wawili hamkusikiana.

Kwa hivyo kunywa hiyo chai, kisha uende kwa huyo rafiki yako leo, kabla giza halijaingia, na hicho kitabu mkononi. Lakini kwanza leta kiganja chako hapa. Wazee wetu walikuwa wanatema mate kidogo kwenye mkono wa mtoto wakimbariki, usikunje uso. Mungu akupe masikio ya kusikia. Akupe mdomo usioona haya kusema sijaelewa. Wale wanaosimama juani kwa ajili yako, awakumbuke wote, na huyo wa Kitui, popote alipo, amkumbuke pia. Na mtu akiwa wako, mwanangu, asije akapewa mkono wa kuagwa kwa sababu yako. Haya, nenda.